Kalamu ya Vipande Vitano

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeupa mkono wa mwanadamu ujuzi, kisha akaupa na uchovu ili usijidhani unajitosheleza. Namshukuru kwa pumzi ya asubuhi hii, kwa jicho moja ambalo bado linaona mstari, na kwa kikombe cha chai ambacho kinapoa nikiandika. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na kila aliyemfuata kwa wema. Baada ya hayo, nitaeleza jinsi nilivyotengeneza kalamu moja mara mbili, na kwa nini.

Nyumba yangu wakati ule ilikuwa Wanyange, mahali ambapo ukitoka mlangoni unaliona ziwa. Kazi yangu ilikuwa kukereza. Nilijifunza mjini Jinja kwa fundi wa Kihindi aliyekuwa akikereza miguu ya vitanda na vipini vya patasi. Siku walipoamriwa kuondoka nchini, yeye na wenzake, aliniachia miguu ya cherehani ambayo tulikuwa tumeigeuza kuwa mashine ya kukereza: unakanyaga chini, juu kitu kinazunguka. Umeme ukatike usikatike, kazi inaendelea.

Yeye ndiye aliyenifundisha kalamu za vipande. Unachukua plastiki ngumu ile inayong'aa kama kioo, ya taa za nyuma za gari au ya vibao vya maduka, unakata vipande vidogo vya rangi mbalimbali, unavigandisha kimoja juu ya kingine. Gundi yake ni chembe za plastiki hiyohiyo zilizoyeyushwa kwa dawa kali ya dukani. Ukisha kugandisha unangoja siku kadhaa, ndipo unatoboa katikati polepole huku ukidondosha maji ya sabuni, kisha unakereza mpaka vipande vyote viwe mwili mmoja. Halafu msasa wenye meno, msasa laini, msasa wa maji, na mwisho dawa ya meno kwenye kitambaa cha pamba. Ndani unatia mrija wa wino wa bolpeni. Mke wangu alikuwa mkono wangu katika kung'arisha. Alikuwa na subira kunishinda. Akimaliza, anaiweka kalamu juani na kusema, "Sasa imefumbua macho."

Fundi yule alikuwa na sharti moja. Plastiki ikikerezwa hupata joto, na joto lile hukaa ndani yake kama hasira. Kwa hiyo ukimaliza, uitie katika maji ya moto, uyaache yapoe yenyewe, kisha uilaze siku saba bila kuigusa. Nilimwuliza kwa nini saba. Akasema, "Kwa sababu sita hazikutosha."

Wanajeshi walizipenda kalamu zile. Maofisa walizichomeka mfukoni mwa shati, nyekundu na njano zikiwaka juani. Sikuwahi kumpenda hata mmoja wao, lakini walikuwa wateja, na mteja mwenye bunduki humchagui.

Kisha vita vikaja mpaka kwetu. Serikali ile ya wanajeshi ilipoanguka, walikimbia kuelekea kaskazini na mashariki, na raia nao wakakimbia, kila mtu na upande wake. Magari yaliachwa barabarani, milango wazi. Watu waliingia madukani wakabeba magodoro na sukari. Mimi sikuvunja duka la mtu. Mimi nilitoka na bisibisi. Nilizunguka siku tatu nikifungua taa za nyuma za magari yaliyoachwa, nikajaza gunia zima.

Mke wangu aliliangalia gunia lile.

"Baba watoto, hizi ni za nani?"

"Za waliokimbia."

"Aliyekimbia hajafa," akasema.

Risasi zilipozidi upande wa mjini, aliwachukua binti zetu wawili wadogo akaenda kwa baba yake, Malukhu, kule Mbale. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Tulikubaliana atarudi mambo yakitulia. Mambo yakatulia, kwa kiasi chake. Hakurudi. Nikatuma salamu kwa mfanyabiashara mmoja, zikarudi salamu tupu. Ndipo nikafunga safari.

Baba mkwe wangu alikuwa mwalimu wa dini, mtu mrefu, mkavu, aliyesoma kwa masheikh wa pwani na kuleta Kiswahili chao Mbale wakati ambapo wengi walikijua kama lugha ya kupigiwa kelele na askari. Alinipokea vizuri. Alinipa maji, akaniuliza habari za ziwa. Kisha akasema:

"Mwanangu, nimesikia una gunia."

Sikukana. Nilikuwa nimechoka mno kukana.

"Mke wako ni mke wako," akasema. "Sikukuachisha. Lakini mimi simrudishi binti yangu na wajukuu zangu kwenye nyumba inayokula kitu ambacho mwenyewe hakusema *chukua*. Nenda ukarudishe. Ukimaliza, niletee kalamu, maana yangu ilichukuliwa na askari hata kifuniko chake sikuachiwa. Iwe ya mkono wako, na kila kipande kiwe kimesemewa *chukua* na mwenyewe, kwa mdomo wake. Siku hiyo utaondoka nao."

Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango na mama yake. Sikumwona. Niliona mguu wa binti yangu mdogo tu, ukichezacheza chini ya pazia.

Kurudisha taa za magari baada ya vita ni kazi ya mwendawazimu, na nilitazamwa hivyo. Magari mengine yalikuwa yamebaki mifupa. Niliuliza katika gereji, niliuliza misikitini baada ya sala, niliuliza hata mahali ambapo kuuliza gari lilikuwa la nani kulimtia mtu hofu. Wengi wa wenye magari sikuwapata. Za hao nilizipeleka kwa imamu wetu, akaziweka stoo ya msikiti, akatangaza kila Ijumaa kwa miezi. Kwangu hakubaki hata kioo kimoja. Ila wawili niliwapata, na hao ndio walionipa vipande viwili vya kwanza.

Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa nguo hapo Jinja, Mwislamu mwenzangu, mnene kabla ya vita na mwembamba baadaye. Nilipomwekea taa yake nyekundu mezani, alicheka mpaka akafuta machozi.

"Gari limekwenda, injini imekwenda, hata dereva sijui alipo. Wewe unaniletea taa! Niifunge wapi, kichwani?"

"Unaweza kusema *chukua*," nikamwambia.

"Chukua, ndugu yangu, chukua! Na ukiliona gari, liambie nalitafuta."

Wa pili alikuwa mwenye teksi, na teksi yake ilikuwa imelala kwenye shamba la mahindi karibu na Busiu, ambako ndiko kwao. Huyo hakucheka. Alinikalisha chini mbele ya mke wake na jirani zake akanifokea kwa Kimasaba, lugha ya kwao, na kwa Kiswahili, na nilistahili. Alipomaliza aliniambia nibebe ndizi zake mpaka barabarani. Nilibeba mikungu sita, safari sita. Mwisho akanipa kioo cha rangi ya chungwa cha taa ya kuonyeshea kona. "Chukua. Na usirudi tena hapa na bisibisi."

Kipande cheupe, cheupe cha maziwa, nilipewa na mjane wa mpiga picha, kutoka kwenye kibao cha duka la marehemu kilichovunjwa kwa mawe. Kipande cha nne kilitoka nyumbani kwangu: kioo cha mbele cha redio yangu iliyokufa, kilichokuwa kimegeuka njano kwa moshi wa jikoni.

Cha tano nilikipata kizuizini. Barabara ya kwenda Mbale ilikuwa na vizuizi vingi siku zile, na kila kimoja unashuka, unafungua mzigo, unaeleza maisha yako. Nilikuwa natoka Busiu. Askari kijana, Mkristo, msalaba mdogo shingoni, alivimwaga vipande vyangu juu ya gunia.

"Wewe mzee, hii ni nini? Ni ya bomu?"

"Hapana, afande. Ni kalamu."

"Kalamu gani iko vipande-vipande? Mimi nimesoma, kalamu mimi najua."

Nikamweleza yote, kuanzia gunia mpaka mke. Wenzake walikusanyika. Mmoja akasema, "Huyu bwana, mke imemshinda, sasa anadanganya na taa ya gari." Wakacheka. Yule kijana hakucheka. Aliingia kwenye kibanda akatoka na rula iliyovunjika, ya plastiki safi kama maji.

"Hii nilikuwa napiga nayo mstari kwa kitabu ya majina. Imevunjika. Chukua."

Nikasita. "Afande, samahani. Ni yako, au ya serikali?"

Aliigeuza rula mkononi. Kisha akasema, "Yangu. Nilinunua Soroti, nikiwa shule. Mimi nimesema *chukua*, mzee. Sasa toka hapa kabla mkubwa hajaamka."

Nilimwombea dua njia nzima. Sijui kama alifika uzeeni.

Basi nikakaa kwenye mashine yangu. Nilikata, nikagandisha, nikangoja. Nilikereza peke yangu, nikang'arisha peke yangu, na nikagundua kwamba mkono mmoja hauwezi kung'arisha kama mikono miwili. Lakini ilitoka nzuri. Nyekundu, chungwa, nyeupe, njano ya moshi, na mwisho kile kipande cha rula ambacho ukikitazama unaona mrija wa wino ndani yake kama samaki ndani ya maji. Ncha yake niliikereza kutokana na shaba ya bomba la maji la nyumba yangu mwenyewe.

Zilikuwa zimebaki siku nne Ramadhani ianze. Nilitaka kufunga mwezi ule nikiwa na mke wangu na watoto. Kuna lori lilikuwa linakwenda Mbale kesho yake, na baada ya hilo hakuna aliyejua. Nikasema moyoni: sharti la siku saba lilikuwa la kalamu za kuuza. Sikuitia hata katika maji ya moto. Niliifunga kwenye leso nikaondoka.

Malukhu nilifika mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Baba mkwe alikuwa sebuleni. Nikampa ile leso, naye akaipitisha nyuma ya pazia bila kuifungua, kwa sababu katika nyumba ile zawadi haikupokelewa mpaka mama mkwe aitie manukato. Ndiyo desturi yake: msahafu mpya, kanzu mpya, hata mkeka. Sasa lazima nieleze jambo ambalo wasomaji wa mbali huenda hawalijui. Kwetu, Basoga na Bagisu vilevile, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na maneno yao hupita kwa mtu wa tatu. Uislamu ulikuja ukatukuta hivyo na kwa jambo hilo tumebaki hivyo. Kumwaibisha mama mkwe ni kitu ambacho hata mlevi hakifanyi.

Nilimsikia akifungua chupa. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa amekuja kuniegemea, akaninong'oneza kwamba bibi aliifukia chupa ile chini ya ghala wakati wa vita, akaacha vyombo vya shaba vichukuliwe. Harufu ya waridi ikajaa chumba. Na chini ya waridi, nikasikia harufu nyingine. Spiriti.

Nilijua papo hapo. Miaka ya nyuma ofisa mmoja alipangusa kalamu yangu kwa waragi, ile pombe kali ya kienyeji, ili ing'ae, akarudi nayo kesho yake imejaa nyufa, akanitishia. Mke wangu alikuwepo siku hiyo. Plastiki iliyokerezwa na kupumzishwa inaweza kuvumilia mengi. Iliyo na joto lake bado ndani, spiriti huifungua kama jeraha.

Mke wangu aliileta juu ya sinia. Nilimwona kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Alikuwa amekonda. Baba mkwe aliichukua kalamu, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu. Na akiwa ameishika hivyo, nyufa zikaanza. Nyembamba, kama nywele, kwanza kwenye maungio, kisha zikapanda kwenye kipande chekundu, zikaingia kwenye cheupe. Tulikuwa tunaziona zikitembea.

Tabasamu likaondoka.

"Mwanangu," akasema polepole, "kipande gani kati ya hivi hakikusemewa *chukua*?"

Mke wangu alisimama mlangoni na sinia mkononi, akanitazama, nikajua kwamba naye ameinusa ile harufu. Alikuwa tayari kusema. Niliona kifua chake kikijaa pumzi. Kumwambia mwalimu wa dini kwamba kuna pombe ndani ya marashi ya nyumba yake, na kwamba mkono wa mama ndio ulioharibu! Nikatikisa kichwa kidogo tu.

"Baba, vyote vilisemewa. Wenyewe wako hai, unaweza kuwauliza. Kosa ni la mkono wangu. Kuna sharti la kuipumzisha siku saba, nami sikulitimiza. Niliharakisha."

Haikuwa uongo. Nimejiuliza mara nyingi tangu hapo, na bado naona haikuwa uongo. Ilikuwa nusu ya ukweli, ile nusu iliyokuwa yangu.

Aliiweka kalamu juu ya mkeka. "Basi nenda ukafanye bila haraka. Mimi sipokei kitu kinachopasuka mkononi, nikasema Mungu amekikubali."

Nilimpa binti yangu mdogo kipande kidogo cha rula nilichokwisha kukikereza, kilichobaki mfukoni, achezee, nikatoka. Sikulia. Nilikaa kando ya barabara mpaka jua likageuka, na nilihisi kwamba kama mtu angeniambia nisimame, ningemwomba aninyanyue. Vita vilikuwa vimekwisha, watu wanapaka kuta zao chokaa upya, na mimi nilikuwa natembea kati ya miji miwili na leso tupu.

Ramadhani ile nilifuturu peke yangu, muhogo na samaki mdogo. Mabaki ya vipande vyote vitano yalikuwepo. Nilikata upya. Nilikuwa nakereza baada ya alfajiri tu, kabla mikono haijaishiwa nguvu ya daku, na nikisikia plastiki imepata joto naacha, nasoma kidogo, narudi. Kazi ya siku mbili ilichukua siku kumi na moja. Nikaitia katika maji ya moto, nikayaacha yapoe. Nikailaza siku saba. Kisha nikailaza saba nyingine, kwa sababu sikujiamini.

Siku ya pili baada ya Idi nilifika Malukhu. Safari hii hata vumbi sikuwa na nguvu ya kujipangusa. Baba mkwe aliipitisha leso nyuma ya pazia kama kawaida. Tukangoja. Nilikaza masikio nisikie chupa. Badala yake nikasikia sauti ya mama mkwe, ikimwambia mke wangu, lakini kwa nguvu kiasi cha kusikika barabarani:

"Mwambie mkwe wangu kwamba hii siipaki kitu."

Mke wangu akatoka, uso ameuinamisha, midomo inamcheza. "Mama anasema hii haipaki kitu."

"Mwambie pia," sauti ikaendelea, "kwamba mjukuu wangu alileta kakipande kake kapakwe marashi kama zawadi ya baba yake. Nikakapaka. Kakapasuka mkononi mwangu. Mwambie mimi ni mzee lakini sio mjinga. Jioni ileile nilimwambia mwalimu, akakosa mtu wa kumpelekea salamu, na chupa nimeimwaga chooni. Na mwambie choo sasa kinanukia kuliko nyumba ya mtu yeyote Mbale."

Baba mkwe alijaribu kukaza uso. Ikamshinda. Alicheka, mabega yakimtikisika, kicheko cha mtu aliyekuwa amesahau pa kukianzia. Nami nikacheka, na watoto wakacheka bila kujua sababu.

Alipotulia aliniuliza, "Uliijua harufu?"

"Niliijua, Baba."

"Ungesema, ungeondoka nao siku ileile."

"Ndiyo, Baba."

Hakunisifu. Alichukua karatasi, akaijaribu kalamu, herufi mbili tatu kutoka kulia, akaitazama ncha. "Inaandika," akasema. Kisha akamgeukia mke wangu. "Mama, kafunge mizigo. Mwanamume huyu amechoka, msimkalishe."

Tulirudi Wanyange wanne. Binti mdogo alikuwa amenisahau kidogo, akawa ananitazama kwa pembe ya jicho njia nzima. Nyumba ilikuwa haina mlango. Ulichukuliwa nilipokuwa safarini, na sikumwuliza mtu. Mke wangu hakulalamika. Alitundika kanga yake pale mlangoni, akafagia, akawasha moto, akaniambia nikasali kabla wakati haujapita. Nilisali alasiri nyuma ya nyumba, na katika sijda ya mwisho nikapitiwa na usingizi. Nilishtuka kwa mkono wake begani.

"Baba watoto, inuka. Malizia sala. Chakula kiko tayari."

Nikaimalizia.

Ewe unayesoma haya, Mwenyezi Mungu akurudishie waliotawanyika, akujaalie riziki ambayo mwenyewe amesema kwa furaha uichukue, akupe subira ya siku ya saba pale siku ya sita inapokudanganya, na mikono yako ikichoka, ichokee katika heri. Amina.